Maji Yaliyochemka Kutwa

Siku bomba lilipofunguliwa uani kwetu, mwinjilisti alikuja kuliombea. Tulilizunguka, mimi na mume wangu, mama mkwe ameegemea fimbo yake, binti yetu mkubwa ameshika ndoo, na kitindamimba mgongoni mwangu amelala. Mwinjilisti akaomba sala ndefu. Akamshukuru Mungu kwa kuukumbuka upande huu wa magharibi wa Mlima Meru, ambako mvua inakaa juu msituni na sisi huku chini tunabaki kuiangalia. Akasema amina, akafungua koki. Ikakohoa, ikatema hewa na tope kidogo, halafu maji yakaja. Meupe. Ukiyaweka kwenye glasi unaona vidole vyako upande wa pili na mistari yake yote.

Mama mkwe akakinga kiganja akanywa wa kwanza, maana boma ni lake.

"Yana chumvi kwa mbali," akasema, akilamba midomo. "Ng'ombe watayapenda."

Waliyapenda kweli. Tangu siku ile ikawa kazi kuwafukuza bombani. Walikuwa wanakilamba kile chuma hata koki ikiwa imefungwa.

Kabla ya hapo tulikuwa tumepanga chumba mjini, Levolosi. Mimi ni Mchaga, mume wangu ni Mwarusha, na kwa miaka mingi tulikaa katikati, si kwao wala si kwetu. Nyumba nzima ilikuwa na bomba moja. Mama mwenye nyumba alilitia kufuli, na mvua zikianza maji yalitoka na rangi ya udongo. Pale ndipo binti yangu mkubwa alipougua taifodi. Alilazwa, akakonda mpaka sikio likawa kubwa kuliko shavu, na mimi nikakaa kando ya kitanda nikiomba. Alipopona nilimwahidi Mungu kwamba mtoto wangu hatakunywa tena maji ambayo mimi mwenyewe sijayaona yakichemka.

Wakati huo nilikuwa nasoma masomo ya jioni, nakaa dawati moja na vijana ambao ningeweza kuwatuma dukani. Mwalimu wa baiolojia alitufundisha kwamba maji yachemke mpaka yarukeruke, halafu uyaache yaendelee. Nililishika lile neno nikaliunganisha na ahadi yangu. Vikawa kitu kimoja.

Basi tulipohamia kwenye boma la mume wangu na bomba likaja, mimi nilijiona nimefika. Nilikuwa na maji uani, nilikuwa na jiko, nilikuwa na ahadi ya kutimiza. Jiko langu lilikuwa la maranda, yale mabaki ya mbao tunayochukua kwa wapasua mbao. Unayashindilia kwenye debe mpaka yawe magumu, unaacha tundu katikati, unawasha kwa chini. Ukiliwasha asubuhi linajilia polepole mpaka jioni, huna haja ya kuchochea. Huku kwetu kuna baridi, na kila nyumba yenye jiko la namna hiyo ina sufuria kubwa inayokaa juu yake. Haishuki. Ukichota maji ya chai, unaongeza mengine. Ukichota ya uji wa mtoto, unaongeza. Ya kunywa unayatia kwenye jagi lenye mfuniko yapoe. Wageni walikuwa wananisifu. "Kwa huyu mama," walisema, "hata maji ya kunawa yamechemshwa."

Ndani ya sufuria palikuwa panaota ganda jeupe, kama ganda la yai. Nilikuwa nalikwangua kwa kijiko. Nilifurahi kuliona. Nilijua ule ndio uchafu, moto umeutoa, na usingetoka ungeingia kwenye tumbo la mwanangu.

Sasa niseme kuhusu meno. Mume wangu ana meno ya kahawia, yana mistari kama mbao iliyonyeshewa. Siku za kwanza nilidhani ni tumbaku. Nilipomuuliza alicheka bila kufunika mdomo, jambo ambalo wengi wa kwao hawalifanyi, akasema, "Haya ni meno ya nyumbani." Mjini watu wakiyaona wanakuuliza moja kwa moja, wewe ni wa kule? Na wa kule anakubali. Nilipokuja kukaa huku nikakuta ni watu wote, na nikazoea. Nilizoea pia jirani yetu, mwanamke mdogo kuliko mimi, anayetembea magoti yakiwa yameachana kama amepanda punda. Alikuwa anakuja kuomba moto au chumvi, tunapiga soga, anaondoka, mimi naendelea kuosha vyombo. Ukimuuliza mtu kuhusu miguu ile anakwambia, ana matege. Ukiuliza kwa nini ana matege, anakushangaa.

Kitindamimba alianza kutembea vizuri. Nalisema hili kwa sababu baadaye watu wengi waliniambia alizaliwa hivyo. Hakuzaliwa hivyo. Alitembea, akakimbia, akawa anafukuza kuku mpaka bibi yake anamfokea. Waarusha bibi wanamwita koko, na watoto hawampi bibi mkono, wanainamisha kichwa aguse. Huyu wangu alikuwa anamwinamia koko wake kila asubuhi, "Takwenya, koko," na mama mkwe anajibu "Iko," kisha anamsukuma kichwa kwa mzaha. "Kichwa cha Kichaga hiki, kigumu."

Kitu cha kwanza kilikuwa viatu. Vilikuwa vinaisha kwa upande wa nje tu. Upande wa ndani soli bado mpya, wa nje umelika mpaka unaona kitambaa. Nikamgombeza kwamba anaburuza miguu. Nikamnunulia vingine, navyo vikaisha vile vile.

Halafu ikaja Jumapili ya watoto kanisani. Walipangwa mbele kuimba, wavulana nyuma, wasichana mbele, soksi nyeupe, magauni yamepigwa pasi. Mimi siku zote naangalia nyuso, kama mama yeyote, kuona kama wangu anakumbuka maneno. Siku ile mtu mrefu alikaa mbele yangu. Kwa kumkwepa nikainama upande, na nilichoweza kuona kilikuwa ni miguu. Safu nzima ya miguu. Walikuwa wanayumba kufuata wimbo, kulia, kushoto, na ile miguu ilikuwa imepinda, mingine kidogo, mingine sana, ya mtoto mmoja imepinda yote upande mmoja kama imesukumwa na upepo. Ya watoto wawili au watatu tu ndiyo ilikuwa imenyooka. Nikaitafuta ya kwangu kati ya ile iliyonyooka. Haikuwepo.

Watu wakapiga makofi. Nami nikapiga.

Nyumbani nilimvua soksi, nikamsimamisha ukutani. Nikamwambia aunganishe visigino. Visigino vikakutana, magoti yakakataa.

"Mama, unanipima gauni?"

"Ndiyo. Simama vizuri."

"Nimesimama vizuri."

Alikuwa amesimama vizuri kabisa.

Mama mkwe alikuwa na majibu yake. "Ulimbeba mno mgongoni. Nyie Wachaga mnabeba mtoto mpaka anaota ndevu." Akaagiza mafuta ya kondoo, akaanza kumkanda kila jioni, kwa mikono ambayo yenyewe vidole havifunguki vyote. Mtoto alicheka mwanzoni. Baadaye akawa analia, anasema mifupa inamuuma kwa ndani. Mimi nikafunga na kuomba. Nilipomaliza kufunga nikamvalisha, nikampeleka mjini hospitali, maana sioni popote pameandikwa kwamba ukiomba usipande gari.

Daktari alikuwa mwanamke kijana. Akamshika mtoto magoti, akamwambia atembee kwenda mlangoni na kurudi, akamfungua mdomo. Kisha akaniuliza.

"Mama, maji ya kunywa mnatoa wapi?"

"Bombani. Tuna bomba letu uani." Nilisema kwa majivuno kidogo.

"La kisima kirefu?"

"Ndiyo."

"Upande gani?"

Nikamtajia. Akaweka kalamu chini.

"Lakini nachemsha," nikasema haraka. "Nachemsha sana, daktari. Huyu mtoto hajawahi kunywa maji mabichi tangu azaliwe. Yanachemka kutwa."

"Kutwa vipi?"

Nikamweleza jiko la maranda, sufuria, kuongeza. Nilianza kwa sauti ya mtu anayesifiwa, na nikaisikia sauti yangu ikishuka yenyewe kadiri nilivyoendelea, kwa sababu yule daktari hakuwa anaitikia kwa kichwa wala kuandika. Alikuwa ananiangalia tu kama mtu anayesubiri gari lipite.

"Mama, kuchemsha kunaua wadudu, na hapo umefanya vizuri. Lakini hiki siyo kidudu. Ni madini, yanaitwa floraidi, yanatoka kwenye mawe ya ule mlima wenu kule chini ya ardhi. Moto hauyaui. Maji yanakuwa mvuke yanaondoka, yenyewe yanabaki. Unaongeza maji mengine, yanakuja na ya kwake, yanakutana na yale."

"Kwa hiyo lile ganda ninalokwangua..."

"Lile sehemu kubwa ni chokaa. Floraidi yenyewe huioni. Haina rangi, haina harufu."

Akaniuliza kama maharage tunatia magadi. Nikamjibu kwamba kila mtu anatia, makande bila magadi yatakesha jikoni. Akasema tuache, maana magadi ya huku nayo yana madini yale yale. Nikamuuliza swali moja tu lililobaki, kama miguu itanyooka. Akasema mifupa ya mtoto bado laini. Akiacha maji yale sasa hivi, anaweza kukua mpaka miguu ikajinyoosha yenyewe, au angalau isipinde zaidi. Akiendelea kuyanywa mifupa itakomaa vile ilivyo, na baada ya hapo ni kulala kwenye meza ya upasuaji ikatwe na kuungwa upya.

"Anywe nini, daktari?"

"Ya mvua. Au ya mahali pengine."

Sikulia pale. Nilimkumbuka Mungu na ile ahadi, nikajiuliza kama nilikuwa nimeitimiza au nimefanya nini. Mtoto aliomba maji tulipotoka, kulikuwa na jua. Hospitali ina bomba karibu na geti, watu wanakinga mikono wanakunywa. Nikamvuta tukapita. Nikamnunulia soda, na njia nzima nikawa naona mabomba. Sikuwahi kujua ni mengi kiasi kile. Kwenye gereji, kwenye genge, kwenye uwanja wa kanisa, na watoto wamening'inia kila mahali.

Jioni ile tulikuwa tumekaa jikoni na makande yamepakuliwa. Nikaanza kumweleza mume wangu, na nikaona kwamba anajua. Siyo kwa jina la madini, ila anajua. Alikuwa akichambua maharage kwa kijiko.

Mama mkwe ndiye aliyejibu.

"Kwa hiyo maji yetu ni sumu."

"Mama, sijasema sumu. Daktari amesema..."

"Huyo daktari ana miaka mingapi? Mimi nimezaliwa hapa. Kabla ya bomba tulikunywa ya kisima cha korongoni, ya hapo hapo chini. Nimezaa hapa, watoto wangu wote wamekua. Mumeo huyo, ulimwona ana shida gani ukaja mwenyewe kwa miguu yako?"

"Nilikuja kwa gari, mama," nikasema, na mume wangu akacheka kidogo puani, na kwa muda ilionekana yataisha kwa mzaha.

Lakini mama mkwe alikuwa hajamaliza. Akagonga fimbo sakafuni. "Niangalieni mimi. Niangalieni! Mimi ni mzee, na nimekunywa maji haya maisha yangu yote. Yamenifanya nini?"

Tukamwangalia. Alikuwa amekaa kwenye kigoda karibu na mlango, na kwa kuwa mimi nilikuwa upande wake, ili anione ilimbidi ageuke mwili mzima, kifua, mabega na kichwa kwa pamoja, kama kabati linasogezwa. Shingo yake haijageuka tangu nimfahamu. Kanisani watu wakipiga magoti yeye anabaki wima, na mimi miaka yote nilidhani ni cheo. Mgongo wake umekauka kama ubao. Mume wangu alitazama sahani. Mtu akikuonyesha mwili wake kama ushahidi huwezi kumwambia unachokiona.

Kitindamimba hakuwa na adabu hiyo. "Koko," akasema, "mbona shingo yako haizunguki?"

"Kula," mama mkwe akamwambia.

Tulitundika michirizi ya bati kuzunguka paa, mume wangu akaleta tanki la plastiki. Hakubishana nami hata siku moja, na hakuniunga mkono hata siku moja mbele ya mama yake. Alileta tanki. Mvua za masika zikajaza. Nikaishusha sufuria kubwa kutoka kwenye jiko, nikaweka ndogo. Magadi nikayatupa, na makande yakaanza kula maranda yangu yote kabla ya kuiva. Mama mkwe aliyatafuna yale maharage magumu kwa hayo meno yake huku akinitazama. "Mungu akupe maisha marefu, mwanangu," alisema, "ili nawe siku moja upikiwe hivi."

Maji ya bomba yakabaki ya kufulia na ya ng'ombe. Hiyo ndiyo ilikuwa sheria yangu. Lakini koki iko uani, na mtoto anacheza uani. Nilimkuta mara ya kwanza akiwa ameinama ananywa, mdomo umebana chuma. Nilimchapa. Nilimkuta tena kwa bibi yake, ana kikombe cha chai ya maziwa, na ile chai ilikuwa na rangi ya chai iliyopikwa kwa maji ya bomba. Sijui nielezeje, lakini mwanamke anayepika anajua.

"Umempa maji gani, mama?"

"Nimempa chai. Mtoto akija kwa bibi yake anapewa chai. Au na hiyo daktari amekataza?"

Na mimi mwenyewe nilikuwa nimefundishwa kumheshimu mkwe. Nilikichukua kile kikombe mikononi mwa mtoto, nikanywa ile chai yote mimi, nikasema asante mama, nikakirudisha. Akanitazama kwa muda mrefu. Baada ya hapo kila akimpa mtoto chai nilikuwa nakuja na kuinywa. Ikawa kama vita vya watu wanaokarimiana.

Kiangazi kikafika. Huku kiangazi hakina mchezo. Vumbi linapanda na ng'ombe, linatua juu ya kila kitu. Nikawa napiga tanki kwa kidole kusikiliza maji yameishia wapi, na kila siku mlio mtupu unashuka chini. Nikaamua kwamba maji ya tanki ni ya kitindamimba peke yake. Binti mkubwa alikuwa amekulia mjini, mifupa yake ilishakwenda urefu, na mimi na baba yake sisi ni watu wazima. Kuwapangia watu wa nyumba moja nani anywe ya mbinguni na nani anywe ya chini si kitu kizuri. Binti mkubwa aliuliza kwa utani, "Kwa hiyo mama, mimi umeniachilia?" Akaona uso wangu, akaacha.

Mawingu yalikuwa yanakuja mchana, yanakaa kichwani kwa Meru, meusi kabisa, unasema leo. Jioni yanaondoka. Tanki likabaki na maji yaliyo chini ya koki yake, tukawa tunaliinamisha. Nikasema kitu nilichokuwa nakiogopa, kwamba mtoto aende kwa mama yangu Uchagani, kwenye maji ya mfereji na bomba la mgombani, akae huko mpaka akomae mifupa. Siyo likizo. Akae.

Mume wangu akatoka nje. Mama mkwe akanigeukia, mwili mzima.

"Mtoto wa boma hili akalelewe kwa Wachaga? Arudi anahesabu hela usingizini? Hapana. Watasema tumeshindwa kumpa maji. Watasema maji ya kwetu yamemkimbiza mtoto."

"Yatamkimbiza akiwa bado anaweza kukimbia, mama."

Ni neno kali kuliko yote niliyowahi kumwambia. Nililisema kwa sauti ya chini, nikiwa nimepiga magoti napepeta mahindi. Nikadhani nimeharibu kila kitu.

Kesho yake kulikuwa na ibada ya jumuiya nyumbani kwetu. Majirani wamejaa sebuleni, mwinjilisti amemaliza, tumesimama kuimba. Mama mkwe alitaka kusimama na watu, akakwama kwenye kigoda chake. Anajisukuma kwa fimbo, mgongo haukunjiki, miguu haimbebi. Kabla sijafika, kitindamimba alikuwa ameshaingia chini ya kwapa lake. "Nishike, koko, mimi nina nguvu." Kweli mama mkwe akamshika bega, akajiegemeza. Nikaiona miguu ya mwanangu ikiupokea ule uzito. Magoti yakatoka nje, taratibu, kila moja upande wake, kama matawi mabichi unapoyakanyaga, na wote wawili wakaenda chini, bibi juu ya mjukuu, wimbo ukakatika.

Tuliwainua. Mtoto hakuumia, alikuwa anacheka kwa aibu. Anasema, "Nimeteleza, koko, samahani." Lakini sakafu ilikuwa kavu, na mama mkwe alikuwa ameanguka uso wake ukiwa karibu kabisa na ile miguu. Aliikanda kila jioni kwa miezi, lakini nadhani siku ile ndiyo aliiona. Watu walimkalisha. Alikaa akishika kisigino cha mtoto, hakikandi, amekishika tu, mpaka watu wakamaliza chai na kuaga.

Walipotoka akaniita. "Mpeleke," akasema. Na mtoto alipokwenda kucheza akaongeza, "Lakini asije akasahau kuinamisha kichwa. Wale mama zako wanashikana mikono ovyo."

Nilimpeleka mwenyewe. Njia nzima, kupita Tengeru na sokoni kwake, kupita mashamba ya kahawa, mlima wetu ukabaki nyuma na mwingine ukaanza kuonekana mbele, na mtoto alikuwa dirishani anaimba. Kwa mama yangu kuna migomba, kuna baridi ya unyevu, maji yanapita kwenye mfereji nyuma ya nyumba unayasikia ukiwa kitandani. Mama yangu akampa kikombe. Akanywa, akakiangalia ndani.

"Bibi, maji yenu hayana kitu."

"Hayana nini?"

"Hayana ladha."

"Ndiyo ladha yake," mama yangu akasema, na akanitazama mimi, nikageukia ukutani.

Nilirudi peke yangu. Sasa ana shule huko, ana marafiki. Naenda ninapoweza. Mama yangu anasema anaona nafuu, lakini mama yangu angesema hivyo hata kama haoni. Mimi nikimsimamisha visigino pamoja nasoma pale katikati ya magoti kama mtu anayetafuta mstari kwenye kitabu cha herufi ndogo. Safari moja nadhani pamepungua. Nyingine nadhani nimejidanganya. Naomba asubuhi na jioni, na sijaacha, wala sitaacha.

Wiki iliyopita nilimpigia simu. Nilikuwa uani, jirani yetu yuko bombani anakinga ndoo, na mtoto wake mdogo amemshika kanga anasubiri kunywa. Nimeshamwambia jirani. Nimemwambia zaidi ya mara moja. Anasema, "Dada, mimi wangu nimpeleke wapi?"

Kitindamimba akapokea. Akanieleza habari za mbuzi wa bibi, kwamba kazaa, akanieleza nani kampiga nani shuleni. Kisha akauliza.

"Mama, miguu ikinyooka nitarudi nyumbani?"

"Utarudi."

"Na nikirudi nitakunywa nini?"

Yule mtoto wa jirani alikuwa ameshapewa kikombe. Nilimwona akikiinua kwa mikono miwili.

Nikamwambia kitindamimba amsalimie bibi yake, salio linaisha. Salio lilikuwepo.